Bega la Mlingoti

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye korido ya klabu, mbele ya mashine ya vinywaji, Mlingoti akiwa ameshanipa mgongo na mkoba wake wa raketi begani.

Kwa wale ambao ndiyo kwanza wanaokota gazeti leo, nitasema kwa kifupi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu na kazi yangu ni tenisi. Si tenisi yote. Ni ile ya wawili wawili tu. Peke yangu uwanjani si lolote si chochote, miguu mizito, na sevisi, yaani mpira wangu wa kuanzisha, ya kubahatisha. Lakini nipe mwenzangu, niweke karibu na wavu, uone huu mkono wa kushoto unavyofanya kazi. Ndiyo maana wananiita Mashoto.

Kwa miaka tisa mwenzangu alikuwa mwanamke mmoja, Mlingoti. Jina linajieleza. Akisimama mlangoni, chumba kinaingia giza.

Miaka tisa tumelala vyumba vyenye vitanda viwili, tumegawana dawa ya meno, tumefungana bandeji. Halafu siku hiyo kwenye korido akaniambia: "Nimepata mwenzangu mwingine. Tutaanza wiki ijayo."

Miaka tisa, maneno sita.

Wengi mmeniandikia kunipa pole. Dada mmoja amesema Mlingoti atalia machozi ya damu. Nashukuru. Ila leo someni mpaka mwisho, maana nadhani pole zenu nyingine mtataka niwarudishie.

* * *

Nilikwenda kwenye mashindano yaliyofuata peke yangu, na mchezaji wa wawili wawili anayekwenda peke yake ni kama mkasi wenye upande mmoja.

Karani wa mashindano alikuwa ameketi chini ya mwavuli, daftari mbele yake. Daftari lilikuwa linafungwa saa sita mchana.

"Mwenzio yuko wapi?" akaniuliza.

"Anakuja."

"Kutoka wapi?"

"Bado simjui."

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Dada yangu, mimi hapa naandika majina mawili mawili. Sina mstari wa nusu mtu."

Nikaketi kwenye benchi lililo jirani na meza yake, mkoba mapajani, natabasamu kwa kila aliyepita. Wa kwanza alisema anasafiri jioni. Wa pili alisema, "Loo, Mashoto, ungewahi jana!" Wa tatu aliniona kwa mbali akageuza njia, akajifanya anaongea na simu. Simu yenyewe ameishika kichwa chini miguu juu.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili, akatokea msichana mmoja amevimba kwa hasira. Nilimfahamu kwa sura. Wanamwita Radi, kwa sababu ya sevisi yake. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ametolewa kwenye mchezo wa mmoja mmoja.

"Wewe ndiye uliyeachwa?"

"Ndiye mimi."

"Unajua kukaa kwenye wavu?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi inuka tukajiandikishe. Siwezi kurudi nyumbani na raketi ambazo hazijachafuka. Ila nikuambie mapema, mimi nikicheza siongei."

Nilidhani anatania.

* * *

Hakuwa anatania.

Msomaji, mchezo wa wawili wawili ni maneno. Watu wakiangalia wanaona mipira. Hawasikii kwamba muda wote tunaongea. Yangu! Yako! Acha! Rudi! Mimi na Mlingoti tulikuwa mpaka na lugha yetu. Tuliitunga mwaka wa kwanza, jikoni kwenye chumba cha kupanga, tukiwa tunasubiri maji yachemke. "Chumvi" maana yake nitakatiza katikati. "Kijiko" maana yake sitoki nilipo. "Sufuria" maana yake rudi nyuma, wanarusha juu. Wapinzani walikuwa wanatusikia wanadhani tuna njaa.

Radi hakutaka hata "yangu" na "yako". Mpira ukija katikati sote wawili tunausindikiza kwa macho, kama wageni wanaongoja mwenye nyumba afungue mlango.

"Unaweza angalau kusema 'acha'?" nilimwomba tulipokaa kupumzika.

"Nikiongea napoteza nguvu za mkono."

"Basi nikufundishe maneno mafupi mafupi..."

Nikasita. Maneno yale matatu yalinifika mdomoni nikayarudisha. Sikutaka kumpa. Yalikuwa ya watu wawili.

Hata hivyo tulishinda. Sevisi zake zilikuwa hazirudi, na chache zilizorudi nilizimaliza kwenye wavu. Tukashinda mechi ya pili pia. Tukapeana mikono kama watu waliogongana dukani, yeye akaenda zake kwa kocha wake, mimi nikaenda hosteli.

Chumbani vilikuwa vitanda viwili. Nilikuwa nimezoea kuagiza hivyo, na siku ya kuagiza mkono uliandika wenyewe. Kitanda cha pili nilikijaza nguo ili kisinitazame.

Jioni hiyo mama alipiga simu.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda, mama."

"Mmeshinda," akanisahihisha. "Na mwanangu mrefu hajambo?"

Sikuwa nimemwambia. Ningeanzia wapi? Kila mwaka Mlingoti alikuwa anakuja nyumbani kwetu kupumzika, na mama alimnunulia blanketi lake refu ambalo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kulitumia.

"Hajambo."

"Mpe simu nimsalimie."

"Anaoga."

"Juzi pia alikuwa anaoga. Anaoga mara ngapi huyo?"

"Mama, joto huku."

"Haya. Mwambie nimemwekea zile soksi."

Nikasema nitamwambia. Nikakata simu, nikakaa baina ya kitanda changu na kile cha nguo.

* * *

Asubuhi ya siku ya tatu ratiba ilibandikwa ukutani. Nusu fainali: Mashoto na Radi, dhidi ya Mlingoti na mwenzake mpya.

Huyo mwenzake mpya tutamwita Sabuni, maana sura yake imebandikwa kwenye matangazo ya sabuni kila kona. Msichana hana ubaya. Ana pointi nyingi kwenye orodha ya wachezaji bora, ana meno mazuri, anasalimia kila mtu. Nilimchukia mpaka kwenye kucha.

Nikateremka kwenye chumba cha kufulia nikafue soksi, angalau nishughulishe mikono. Nikafungua mlango, na nani yuko ndani? Mlingoti mwenyewe, ameinamia mashine.

Tulisimama hivyo, mimi na soksi zangu chafu, yeye na mashine yake inayozunguka.

"Mashoto."

"Mlingoti."

"Mama hajambo?"

"Amekuwekea soksi."

Akacheka kidogo, halafu akageuka kuchukua taulo lake kwenye rafu ya juu. Hapo ndipo nilipoona. Mlingoti anatumia mkono wa kulia kwa kila kitu, hata kufukuza nzi. Lakini rafu ile aliifikia kwa mkono wa kushoto, na huku amejikunja kama anayepita chini ya kamba.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Mimi nimekufunga bandeji miaka tisa. Una nini?"

Akafunga mlango. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, magoti yakamfika kidevuni.

"Bega limekwisha," alisema. "Mkono ukipita sikio nasikia kama kitambaa kinachanwa ndani."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana tulikuwa pamoja!"

"Ndiyo."

"Mbona sikuona?"

"Ungeonaje? Mipira yote ya juu ulikuwa unaichukua wewe. Ulijiona umekuwa mwepesi. Kumbe nilikuwa nakuachia."

Nilitaka kukaa, hapakuwa na ndoo nyingine.

Akaendelea, anaongea na sakafu. "Daktari amenipa mashindano manne, labda matano. Baada ya hapo nitundike raketi. Sasa ningebaki na wewe ingekuwaje? Ungekimbia mipira yako na yangu mpaka magoti yako yafe. Nayasikia, Mashoto. Ukipanda ngazi yanalia. Nikasema bora unichukie upesi, upate mwingine kabla hujachoka."

"Na Sabuni?"

"Sabuni ana pointi. Tukishinda hapa tunaingia kwenye yale mashindano makubwa. Ule uwanja wenye paa. Nimetamani kuingia mle tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Nikacheze mara moja tu. Nikitolewa siku ya kwanza, sawa."

"Anajua habari za bega?"

"Hajui yeye, hajui kocha. Nimekwambia wewe tu."

Nilipaswa kumkumbatia. Wengi wenu mngemkumbatia. Nami moyo ulitaka, ila kulikuwa na kitu kingine kinachemka chini yake. Mtu huyu alikaa peke yake akapanga maisha yangu, akakata shauri, akanipa maneno sita kwenye korido. Mwezi mzima nilikuwa najiuliza nimekosa nini. Nilikuwa nikijitazama kwenye kioo natafuta kasoro.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ungekataa kuondoka."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Unaona?"

Mashine ikazima. Akatoa nguo zake kwa mkono mmoja. Mlangoni akageuka.

"Kesho tucheze vizuri, sawa?"

"Sawa," nikasema. Na naapa, nilimaanisha.

* * *

Nusu fainali ilianza saa nne asubuhi, na jua halikuwa na mchezo.

Seti ya kwanza sikumrushia Mlingoti hata mpira mmoja wa juu. Nilipiga chini, nilipiga pembeni, nilimlenga Sabuni kifuani. Radi alinikodolea macho, maana mara mbili nafasi ya kurusha juu ilikuwa wazi kama lango la soko, nami nikaiacha. Tulifungwa sita kwa mbili.

Sikusikitika. Moyoni nilishaanza kumwona Mlingoti ndani ya uwanja wenye paa, mimi nimekaa kwenye viti vya juu namwangalia. Nilikuwa najionea huruma na najisifu kwa pamoja. Hali nzuri kabisa hiyo.

Seti ya pili, gemu tatu kwa tatu. Sabuni anajiandaa kuanzisha mpira, Mlingoti yuko kwenye wavu, hatua chache tu kutoka kwangu. Akageuza kichwa, akamwambia mwenzake kule nyuma:

"Chumvi."

Sabuni akaitikia kwa kichwa. Alielewa. Mpira ukaja, Mlingoti akakatiza katikati, akaumaliza miguuni kwangu.

Nikabaki nimesimama.

"Kijiko," akasema pointi iliyofuata. Na Sabuni, kwa yale meno yake meupe, akacheka na kurudia: "Kijiko!"

Msomaji, kuachwa niliweza kukubali. Kudanganywa pia, tena kwa upendo. Lakini lugha ile! Mimi nilikaa siku tatu na Radi bila neno hata moja kwa sababu sikutaka kuigawa. Na yeye amekwenda akamgawia mtu wa wiki tatu, kama anayegawa pipi.

Sijui niseme nini cha kujitetea. Sina.

Mpira uliofuata niliupiga juu.

Ulipanda ukapita kichwa cha Mlingoti, upande wa kulia. Alianza kunyanyua mkono, akaushusha, akauacha mpira ukamfia nyuma. Halafu aliniangalia. Hakuwa na hasira. Aliniangalia kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili, akadhani amesikia vibaya.

Nikarusha wa pili. Nikarusha wa tatu.

Huo wa tatu aliupiga, ukaenda kwenye wavu, na nikaona mdomo wake ukikunjamana. Niliona. Nisijifanye sikuona.

Tulipobadilisha upande nilimwinamia Radi sikioni.

"Mrushie juu. Kila ukipata nafasi. Upande wa kulia."

"Kwa nini? Mtu mrefu vile?"

"Wewe rusha tu."

"Una uhakika?"

"Nimecheza naye miaka tisa, Radi. Nina uhakika."

Yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote.

Radi ni msikivu akiamua. Akarusha. Mlingoti akawa anakimbia kinyumenyume, anajaribu kupiga kwa kifundo cha mkono tu, mipira inatoka nje. Sabuni akachanganyikiwa. Nikamsikia anauliza, "Unaumwa?" na Mlingoti anajibu, "Cheza." Seti ya pili tukaichukua sita kwa nne.

Zikabaki pointi za kumalizia, ambapo anayetangulia kufika kumi ndiye mshindi. Ukingoni mwa uwanja watu walikuwa wameshaanza kusimama. Tano kwa tano. Saba kwa saba. Tisa kwetu, nane kwao.

Pointi hiyo ilikuwa ndefu. Mimi niligusa mara mbili, Sabuni akarudisha zote. Mpira ukamfika Radi nyuma kabisa, naye akafanya kama alivyoagizwa. Akaurusha juu.

Ukapanda. Nilikuwa na muda wa kuutazama ukipanda, na muda wa kumtazama Mlingoti akiutazama. Angeweza kuuacha. Ila ule ulikuwa unaanguka ndani, na kuuacha ilikuwa kuuacha uwanja wenye paa. Akaruka. Mkono ukapita sikio.

Raketi ilianguka kabla ya mpira.

Sauti aliyoitoa haikuwa kubwa. Ilikuwa fupi, kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni. Halafu akapiga magoti, ameukumbatia ule mkono kama mtoto mchanga.

Mwamuzi akatangaza ushindi wetu. Watu wakapiga makofi, wakanyamaza nusu njia. Radi, ambaye alikuwa amegeuka kufurahi na kocha wake, hakuwa ameona kitu. Akanirukia, akanikumbatia kwa nguvu zake zote.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunikumbatia tangu siku ile ya korido. Na nikasimama humo mikononi mwake, naangalia kwa juu ya bega lake watu wakimwinua Mlingoti kutoka chini.

* * *

Chumba cha matibabu kilikuwa na kitanda kimoja, feni moja, na ubao wa kupimia macho ambao herufi zake za chini zilikuwa zimefutika. Daktari wa mashindano, mama mmoja mwenye sauti ya kuamuru, alitoka nje akiwa na karatasi.

"Msuli umekatika. Anapelekwa hospitali sasa hivi, na huenda wakamfanyia upasuaji leo leo. Nahitaji ndugu yake aende naye na atie sahihi."

Sabuni alikuwa analia, pua imekuwa nyekundu. "Mimi ni mwenzake, lakini... nimemjua juzi juzi tu."

Daktari akaisoma fomu. "Hapa ameandika dada. Mkono wa kushoto kwenye mabano, sijui ndiyo nini hiyo." Akasoma namba ya simu kwa sauti.

Mfukoni kwangu simu haikulia, lakini niliisikia. Ilikuwa namba yangu.

"Hiyo fomu ya mwaka gani?" nikauliza. Nilitaka iwe ya zamani. Niliomba iwe ya zamani.

"Mwaka gani tena? Kila mchezaji anajaza siku anayofika. Hii ya Jumatatu." Akanitazama. "Ni wewe?"

Jumatatu. Siku niliyokuwa nimekaa kwenye benchi la karani, namlaani Mlingoti kimoyomoyo.

"Ni mimi," nikasema.

Akanipa karatasi na kalamu, akanisukuma ndani.

Mlingoti alikuwa amelala chali, miguu imezidi kitanda, mkono umefungwa kifuani. Walikuwa wamempa kitu cha kupunguza maumivu, na macho yake yalikuwa mazito.

"Umeshinda," alisema.

"Usiongee."

"Mama atafurahi." Akapumua taratibu. "Mwenzio yule ana jicho kali sana."

"Nani?"

"Radi. Ameligundua bega langu. Nilidhani nimelificha vizuri. Ulipoanza kurusha juu nilishtuka kidogo, nikasema, Mashoto? Lakini nikasema hapana. Atakuwa ameambiwa na yule msichana. Yeye ndiye aliyeona, si ndiyo?"

Msomaji wangu, huu ndio mlango niliokuwa nimefunguliwa. Kulia kwangu ukweli, kushoto kwangu uongo, na mwenye kuuliza alishanishika mkono kunivusha upande wa uongo.

"Ndiyo," nikasema. "Yeye ndiye aliyeona."

Mlingoti akafumba macho. Uso wote ukalegea, kama mtu aliyetua mzigo. "Nilijua. Nilijua wewe huwezi."

Nikaketi kwenye kiti, karatasi kwenye magoti. Jina la mgonjwa. Jina la ndugu. Uhusiano. Kalamu ilikuwa imetota jasho la vidole vyangu. Nilijiambia, nitamwambia akipona. Nitamwambia baada ya upasuaji. Nitamwambia nyumbani, akiwa amejifunika blanketi lake. Nilikuwa nishaanza kuamini kwamba mambo yatapita hivyo.

Mlango ukagongwa mara mbili.

Alikuwa Radi. Bado na nguo za uwanjani, nywele zimemlowa, raketi mkononi kama aliyesahau kuiweka chini. Na yule msichana ambaye kwa siku tatu hakunipa hata neno "acha", alisimama mwisho wa kitanda akaanza kuongea, akaongea mfululizo.

"Dada, naomba unisamehe. Wallahi sikujua. Daktari ameniambia sasa hivi huko nje kwamba bega lilikuwa bovu kitambo. Mimi ningejua nisingerusha hata mmoja, haki ya nani. Mtu hawezi kumfanyia mwenzake hivyo. Mimi niliambiwa tu rusha juu, upande wa kulia, nikauliza kwa nini, nikaambiwa..."

Aliniona usoni.

Mlingoti alifumbua macho. Hakunitazama mimi. Alimtazama Radi, taratibu, na sauti yake ilipotoka haikuwa na usingizi hata kidogo.

"Uliambiwa na nani?"